Kwa wanaoanza: kuifanyia mzaha riwaya kwa vikaragosi

Miswada mingi ya wanaoanza ina tatizo moja: kila mhusika anachekesha. Bwana mkubwa anachekesha, mtumishi anachekesha, mpaka mzimu nao unatupa vijembe. Kumbe kikaragosi, yaani mwanasesere anayechezeshwa kwa mkono, kinachekesha hata kabla hakijafungua mdomo. Anayekosekana ni mtu wa kukichukulia kwa uzito.

Tazama The Muppet Christmas Carol, filamu ya vikaragosi ya 1992 iliyotokana na kitabu cha Charles Dickens. Katikati ya panya na nguruwe amesimama mwigizaji Michael Caine akiwa Scrooge, tajiri bahili, kakunja uso, hacheki hata kidogo. Alisema ataigiza kana kwamba yuko na Royal Shakespeare Company, kundi maarufu la tamthilia la Uingereza, na ndivyo alivyofanya. Chura Kermit, karani wake, anatuchekesha kwa sababu bosi aliye mbele yake anatisha kweli. Caine angekonyeza jicho mara moja tu, filamu nzima ingekufa.

Halafu soma kitabu chenyewe, usiishie kwenye filamu. Dickens alianza hadithi yake ya 1843 kwa kutuambia kwamba Marley, mshirika wa Scrooge, amekufa. Watu wa Muppet walikuwa na wazee wawili wakorofi wasiotengana, Statler na Waldorf. Basi sentensi ile wakaiacha ilivyo, ila Marley akageuka kuwa akina Marley, na ndugu aliyeongezwa akaitwa Robert. Robert Marley, yaani Bob! Mzaha mzuri wa riwaya ndio huo: unagusa mahali padogo, msomaji wa kitabu anastuka, na asiyekisoma hapotei.

Kazi ya mkono nitaigusia tu. Mdomo hufunguka kwa kushusha kidole gumba, si kwa kurusha vidole vya juu; ukivirusha, kichwa kizima kinaruka na macho yanaangalia dari. Kiswahili nacho kina irabu karibu kila silabi. Ukifungua mdomo mara sita kwa “ninakukumbuka”, kikaragosi kitaonekana kinatafuna chingamu. Fungua sana kwenye mkazo, kwingine punguza. (Waliokuwa wakifuatilia The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha Kenya, wanajua mdomo wa mpira ukipishana na sauti, utani wote unamwagika.)

Sasa, amua mapema unachodhihaki: kitabu, au filamu zake? Chukua Frankenstein. Watu wengi wanamjua yule kiumbe wa filamu ya 1931, aliyeigizwa na Boris Karloff, kichwa bapa, vyuma shingoni, anaguna tu. Katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818 kiumbe huyo ni msemaji hodari, na amemsoma mshairi Milton. Pengo hilo ni mgodi. Mweke kikaragosi anayetaka kujadili mashairi huku kila mtu akimsubiri agune, na vichekesho vitajileta vyenyewe.

Ila angalia sura unayomchongea. Riwaya haina mwenyewe tena, lakini sura ile ya Karloff kampuni ya filamu ya Universal inailinda kama mali yake. Rudi kwa Shelley: ngozi ya manjano, nywele ndefu nyeusi zinazong’aa, meno meupe, midomo myeusi. Watazamaji watauliza huyu ni nani, na kikaragosi chako kitakuwa na kila sababu ya kukasirika.