Kadi ya bima ninayo, mshauri haipokei

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, nina miaka 31. Mwezi wa Agosti kaka yangu alikwenda baharini hakurudi. Chombo kiliokotwa, yeye hakuonekana. Tangu hapo silali, na nikipitiwa na usingizi nasikia injini ya boti. Mama alinipeleka kusomewa, nikapata nafuu wiki mbili, kisha yakarudi. Rafiki akanielekeza kwa mshauri nasaha mwenye chumba ghorofani, Barabara ya Lamu. Nimekwenda mara tatu na naona faida, lakini kila kikao ni shilingi 3,000 na mshahara wangu ni 27,000. Kazini tuna kadi ya bima. Nilipoitoa, mshauri akasema yeye hapokei kadi. Nifanyeje ili bima ilipe? Na meneja wangu atajua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe pole mama. Matanga yasiyo na maiti watu hawajui wayaondoe lini, kwa hiyo sishangai usingizi kukukimbia.

Kabla ya kupewa ukurasa huu nilikaa miaka 19 katika ofisi ya bima Mombasa, nikikagua fomu za madai. Nilirudisha nyingi, nakiri, na baadhi zilikuwa za watu wenye haki yao. Kilichokosekana ni karatasi moja tu.

Mshauri akikataa kadi, haina maana kwamba bima yako haimlipi mshauri yeyote. Maana yake ni kwamba yeye hana mkataba na kampuni hiyo. Wenye vyumba vidogo wengi hawautaki, kwa sababu pesa za bima huchelewa na mwenye nyumba hachelewi kudai kodi yake. Una njia mbili: uhamie kwa mtaalamu aliye kwenye orodha ya kampuni, au ubaki na huyu, ulipe mfukoni, kisha udai kurudishiwa. Njia ya pili si kila bima inaikubali. Piga nambari iliyo nyuma ya kadi, uulize kama huduma ya wagonjwa wa nje imo, kama vikao vya ushauri vimo na vina kikomo cha shilingi ngapi kwa mwaka, kama wanataka idhini kabla ya kikao, na kama madai yana siku za mwisho. Halafu waombe wakuandikie hayo kwa baruapepe. Jibu la simu halina shahidi.

Sasa nifike panapoangusha watu. Bima hailipi huzuni, inalipa ugonjwa. Kila dai huandikwa alama kutoka orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na hiyo tuliyoitumia sisi, ICD-10, ina alama ya mtu kama wewe neno kwa neno: Z63.4, kupotelewa au kufiwa na mmoja wa familia. Lakini herufi Z ni ya mambo yanayomkuta mtu maishani, si maradhi. Dai lenye Z peke yake lilikuwa likitua mezani kwangu, naligonga muhuri wa kurudi. Magonjwa ya akili na tabia yako chini ya herufi F. F43.2, kwa mfano, ni pale tukio zito linapomfika mtu hata akashindwa kuendelea na maisha yake kama kawaida, na majonzi yaliyopita kiasi yanaweza kuingia humo.

Wewe uko upande gani? Si mimi wa kusema, wala si mshauri wako peke yake. Nenda kwa daktari, hata pale hospitali ya Malindi, umwambie yote: tangu lini hulali, unakula vipi, kazini unakoseakosea nini, na hiyo sauti ya injini usiifiche kwa kuona haya. Akiona ni ugonjwa atauandika na kukupa barua ya rufaa kwenda kwa mshauri. Barua hiyo iwe na tarehe iliyotangulia vikao unavyotaka kudai. Tafadhali usimwombe mtu akuandikie ugonjwa usio nao. Huo ni udanganyifu, tena utakufuata siku utakapotaka kukata bima yako mwenyewe.

Vikao vitatu vya nyuma nadhani vimekwenda na maji. Wasilisha risiti hata hivyo. Na risiti ninayosema iwe na jina lako, tarehe, huduma uliyopata, na nambari ya usajili ya mshauri, maana sheria ya mwaka 2014 inawataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Kama hana nambari hiyo, bima itakukatalia hata akiwa mshauri mwema vipi.

Wakikwambia “sisi hatulipi mambo ya akili,” usiondoke kichwa chini. Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, inaikataza kampuni kuuza bima ya ugonjwa inayowatenga wagonjwa wa akili. Taka sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kisha malalamiko uyapeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Ila kutotengwa si kulipiwa kila kitu. Kikomo kidogo huwa kimo, na wewe ndiye utakayeongeza kilichobaki.

Meneja. Taarifa za afya ni siri kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa desturi kampuni ya bima humwonyesha mwajiri jumla ya matumizi, haimwonyeshi nani anaumwa nini. Siri huvujia kwingine: fomu ya madai ikiachwa wazi juu ya meza ya afisa wa wafanyakazi. Ipeleke mwenyewe kwa kampuni au wakala, na kama ni lazima ipitie ofisini, funga bahasha. Malindi ni mji wa kuulizana habari.

Jambo moja hukulisema, nami nalijua kwa kuishi hapa. Kusi likianza, hoteli nyingi hufunga na mikataba husimama. Kadi ya kazini kwa kawaida hufa siku hiyo hiyo. Basi barua ya daktari itafute wiki hii, usingoje Aprili.

Na umwambie mshauri ukweli wa mfuko wako. Vikao vinne kwa mwezi ni 12,000, karibu nusu ya mshahara. Muulize kama mnaweza kuonana kila wiki mbili, au akupunguzie. Yule aliyekusomea mlimpa bahasha kwa kadiri mlivyojaliwa, hakuna aliyeona aibu. Huyu naye ni binadamu. Tena usisahau SHA, ile bima ya afya ya serikali. Unakatwa asilimia 2.75, yaani shilingi 742.50 kila mwezi kwa mshahara wako, kwa hiyo unapokwenda hospitali ya serikali uliza muuguzi wa afya ya akili yuko siku gani. Foleni ni ndefu, lakini pesa umekwishatoa.

Ikitokea usiku mmoja ukaona hutaki tena kuishi, hesabu hizi zote ziweke kando. Mwamshe mama, mwende hospitali. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo.

SWALI: Mimi niko Lamu. Mshauri wangu yuko Mombasa, tunazungumza kwa simu. Bima italipa?

JIBU: Inategemea kilichoandikwa kwenye bima yako. Ziko zinazotaka sahihi ya mgonjwa kwenye fomu kila kikao, na kwa simu utatia wapi? Waulize kwa maandishi kabla ya kikao kijacho. Wakikataa, waandikie nauli ya boti hadi Mokowe na basi hadi Mombasa, kwenda na kurudi, uwaulize wanapendelea kulipa ipi. Nauli nayo hawalipi, lakini nimewahi kuona barua ya namna hiyo ikimfikia mkubwa, na mkubwa akakubali.