Darubini ya 15x70 au 20x80: kwanza stendi

Darubini ya macho mawili inayokuza mara 10 unaweza kuishika mkononi ukiegemea ukuta au shina la mnazi. Ikifika mara 15 mkono hautoshi tena. Hata mapigo ya moyo yanaitikisa nyota, na macho yanachoka kabla hujaona ulichokifuata. Kwa hiyo kama fedha yako inatosha 20x80 peke yake, nunua 15x70 pamoja na stendi imara ya miguu mitatu. Hilo tunalisisitiza kwa kila anayeanza, kwa sababu darubini nzuri juu ya stendi legelege haionyeshi kitu.

Katika 15x70, 15 ni ukuzaji na 70 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Uzito wake ni kama kilo moja na nusu, na uwanja wake wa kuonea ni kama digrii 4, yaani upana wa Mwezi wa angani mara nane ukipangwa mstari mmoja. 20x80 inapita kilo 2. 25x100 inafika kilo 4 na zaidi, hiyo mwache mwenye stendi nzito. Zinazojinadi 60x60, zenye lenzi nyekundu kama damu, au zinazobadilisha ukuzaji kwa kitufe, usizitolee hata shilingi.

Dukani, inyooshe darubini mbali na uso, ielekee mwanga, utazame vijiduara kwenye lenzi za jicho. Viwe duara kamili. Vikiwa na pembe za kijivu zilizokatwa, prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza njia ya mwanga, ni za kioo duni. Kisha iweke juu ya kitu kisichotikisika, tazama mlingoti wa mbali kwa macho yote mawili, halafu rudisha kichwa nyuma polepole. Mlingoti ukigawanyika kuwa miwili, mmoja juu ya mwenzake, prizimu zimehama. Macho yatajilazimisha kuziunganisha hizo picha mbili, na baada ya dakika kumi utaumwa kichwa. Irudishe hapo hapo.

Sasa kuifunga. Mbele ya bawaba inayounganisha mirija miwili kuna kifuniko kidogo. Kizungushe kitoke, ndani kuna tundu la robo inchi, meno 20 kwa kila inchi, sawa na bolti ya kamera. Hapa ndipo wengi huharibu. Bolti ya M6 ya duka la vifaa inafanana nayo machoni, lakini ina milimita 6 badala ya 6.35, na meno yake yamebanana zaidi. Itaingia mizunguko miwili, kisha itakula meno ya tundu, na darubini itabaki ya mkononi. Kama huna uhakika, mpelekee fundi wa kukereza vyuma bolti ya stendi ya kamera aifuate hiyo.

Kiungo chenye umbo la L, kinachounganisha darubini na stendi, kiwe cha chuma au alumini. Cha plastiki hujikunja na kurusharusha kama upinde. Rekebisha kwanza mirija ilingane na umbali kati ya macho yako, ndipo ukaze, kwa mkono tu bila koleo. Darubini zenye fito ya chuma katikati na nguzo inayoteleza hazihitaji L: sogeza nguzo mpaka mbele na nyuma zilingane uzito. Kichwa cha stendi kiwe cha video, chenye mkono mrefu. Cha gololi kikilegezwa kidogo darubini inapiga mweleka na vidole vyako vikiwa chini yake.

Mguu mmoja wa stendi uelekee unakotazama, wewe usimame kati ya miwili iliyobaki. Nguzo ya katikati usiipandishe. Gonga mguu kwa kidole huku ukitazama taa ya mbali, uhesabu. Ikitulia ndani ya sekunde 2, endelea. Ikipita 4, shuku nguzo, kisha kiungo, kisha miguu yenyewe. Kwenye mchanga weka kipande cha ubao chini ya kila mguu. Kusi ikivuma, ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 3 katikati, lakini uguse chini, la sivyo utabembea.

Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, na hilo linaamua mengi. Msalaba wa Kusini haupandi zaidi ya digrii 35 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo unautazama umekaa kitini. Omega Centauri, kundi kubwa la nyota zilizosongamana, katikati ya Juni saa mbili usiku, iko kama digrii 47 na inaonekana kama donge la ukungu wenye mwanga. Lakini mshipi wa Orioni, zile nyota tatu zilizo mstari mmoja, unapita karibu utosini. Februari saa mbili na nusu usiku utakunja shingo bure. Ungoje mpaka saa tano na nusu uinamie magharibi, au umtafute seremala akutengenezee mkono wa fito sambamba wenye uzito upande wa pili, ulale kwenye mkeka.

Mchana, ukiwa Raskazone, pale Tanga pwani, bahari iko mashariki. Asubuhi hewa imetulia lakini jua linakukabili, na jua likiingia kwenye darubini hata mara moja linapofua. Subiri saa kumi jioni, liwe mgongoni.

Chumvi ya baharini inakauka kuwa chembe ngumu. Usifute lenzi kwa kanga. Puliza kwa kipulizio cha mpira, lainisha kwa tone la maji yaliyotoneshwa (distilled), ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi. Ihifadhi kwenye boksi linalofunga pamoja na vipakiti vya silika, chembe zinazofyonza unyevu, maana kuvu akishaota ndani ya prizimu hatoki kwa kufutwa. Miguu ya stendi ioshe kwa maji ya bomba usiku huo huo, vifungo vikiwa wazi.