Krismasi nawasomea nini wanangu: Luka, Mathayo na msosi ulioharibika Ujiji

Dada uliyeuliza sie tunaofundisha watoto wenyewe nyumbani huwa tunasoma nini Disemba, ukasema wa kwako wamegomea kila kitu isipokuwa katuni, ngoja nikujibu kirefu maana huku Mwanga, Kigoma mjini, mvua imeshika tangu asubuhi, umeme hakuna, simu ina chaji asilimia 40, ikizima basi.

Mimi ninao watatu, wa miaka 11, 8 na 5. Baba yao anahamishwahamishwa kikazi, mara Tabora, mara Kigoma, mara Tabora tena, nikaona kila tukihama mtoto anaanza moja, nikaamua kuwafundisha mwenyewe. (Ule ubishi wa vibali na mitihani tusiulete hapa jamani, tutakesha.)

Ikifika tarehe 1 Disemba nafunga hesabu na sayansi, tunabaki na kusoma tu. Ninachokipenda kuliko vyote ni Injili ya Luka, na wala sio ulokole, ni kwamba ina sura 24. Sura moja kila jioni tukishakula, tarehe 1 mpaka 24, hesabu inakaa yenyewe. Ila nikuonye, sura ya 1 ina mistari 80! Mwaka wa kwanza niliivamia yote kwa mkupuo, Zakaria hajatoka hekaluni mdogo kashalala mdomo wazi na wa kati anachora kwenye meza kwa kidole chenye mawese. Siku hizi naikata, nusu naisoma tarehe 30 Novemba.

Alafu kuna kitu sikukiwaza kabisa. Ukienda hivo, tarehe 24, mkesha wenyewe, unaangukia sura ya 24 ambayo ni kaburi tupu na wale wawili wa njia ya Emau. Yule wa miaka 8 akanikazia macho, "mama, mbona kashafufuka na kesho ndo anazaliwa?" Nikamwambia kalale. Usiku nikawa nalifikiria lile swali, asubuhi ya Krismasi kabla ya kwenda kanisani nikawarudisha sura ya 2, "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto", na aisee siku hiyo walitulia kama wamemwagiwa maji, maana mtoto anayezaliwa walikuwa wanamjua tayari, na wanajua yatakayompata. Tangu hapo ndo tunavofanya kila mwaka.

Tukafika kwenye hori ya kulia ng'ombe. Mdogo akauliza hori ni nini, baba yake mtu wa Tanga akadakia kwamba kwao hori ni mtumbwi mdogo. Kesho yake naletewa mchoro, Bwana Yesu amelala mtumbwini katikati ya ziwa, pembeni wavuvi na karabai zao na rundo la migebuka. Nilimsahihisha, ila mchoro nimeubandika ukutani mpaka leo.

Kuanzia tarehe 26 tunahamia Mathayo sura ya 2. Mamajusi, wale wageni wa mashariki waliomletea mtoto zawadi, wanapita haraka (mwambie na mwanao aitafute hiyo idadi ya watatu, haipo), mimi naikimbilia ile safari ya Misri, Yosefu na Mariamu wanapomtorosha mtoto asiuawe na Herode. Mtoto wa Kigoma huhitaji kumweleza mkimbizi ni nani, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu tangu 1996, wangu mkubwa kitu cha kwanza aliuliza kama Yosefu alipewa hema. Mwaka juzi nikamwomba mama mmoja tunayesali naye, aliyetoka Kongo akiwa binti mdogo, aje atusomee yeye. Akasoma vizuri tu, "Ondoka, umchukue mtoto na mama yake, ukimbilie Misri", alipofika pale Yosefu anapoondoka usiku akanyamaza. Akasema, "Na sisi ilikuwa usiku." Akaendelea kusoma. Watoto hawakuuliza kitu, na mimi sikuongeza neno.

Sasa nje ya Biblia. Hadithi za Krismasi za theluji sina ugomvi nazo, yule mzee bahili Scrooge wa Charles Dickens huwa nawasimulia kwa mdomo na wanacheka, ila kitabu chenyewe tulikiacha njiani. Wanachokidai kila mwaka ni Krismasi ya Ujiji, hapahapa kwetu! Si unajua Stanley, yule mwandishi wa gazeti, alimkuta mmisionari Livingstone pale Ujiji Novemba 1871, wakazunguka kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa Tanganyika, wakarudi Disemba. Krismasi wakapania kula kama kwao, kondoo mnene wa mkia akatafutwa, Stanley homa ndo kwanza imemwachia. Mpishi wake, anamwandika Ferajji, akaharibu nyama, kastadi nayo ikaungua, Stanley mwenyewe kakiri kitabuni kwamba mlo ule ulishindikana. Kitabu cha 1872 hicho, kiko bure intaneti, mimi nasoma Kiingereza nawageuzia Kiswahili palepale. Tarehe 27 wakaanza safari ya Unyanyembe, yani Tabora, wanangu wanasema "kama sisi na baba".

Halafu nawaambia huyo mzee Livingstone, kwa maelezo yake mwenyewe, aliisoma Biblia nzima mara nne akiwa Manyema, ng'ambo ya ziwa huko. Yule wa kati akapiga hesabu ya sura 24 akaniangalia vibaya.

Krismasi iliyopita nikiwa nasuka nywele za mdogo nikasahau pilau jikoni, mpaka tunanusa limeshika chini lote. Hakuna aliyenuna. Wa kati kaingia, kafunua sufuria, kaangalia, kaenda kumwambia baba yake sebuleni, "Leo kapika Ferajji."