Komplementi ni kingamwili?

Swali: Niliandika, "Komplementi ni kingamwili zinazotoboa bakteria." Mhariri akalifuta neno kingamwili. Kwani kingamwili si kinga ya mwili?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi. Kinga ni uwezo wa mwili kujihami. Ndiyo iliyomo katika UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Mfumo wa kinga ni viungo, seli na protini zinazoifanya kazi hiyo. Kingamwili ni aina moja tu ya protini hizo, zinazotolewa na seli B (aina ya seli nyeupe za damu) zilizokomaa dhidi ya kitu mahususi. Komplementi ni kundi jingine: protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, ambazo huzunguka kwenye damu zikiwa zimelala mpaka ziamshwe.

Ningeandika hivi: "Komplementi ni protini za mfumo wa kinga, baadhi yake huungana na kutoboa utando wa bakteria." Hiyo "baadhi" usiiache. Zinazotoboa ni C5b pamoja na C6 hadi C9 (C ni ya komplementi, namba hutaja protini, na a au b ni kipande chake). C3b kazi yake ni kumnata bakteria ili seli zinazomeza vimelea zimtambue, na C5a huita seli nyeupe.

Wapo wanaoandika kingamwili kwa maana ya mfumo mzima. Katika mazungumzo haidhuru, ila kwenye tiba inapotosha. Mtu asiye na C6 huweza kuwa na kingamwili za kutosha na bado akarudiwa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria aitwaye meningokokasi. Ukiandika ana "upungufu wa kingamwili", umemweleza mgonjwa mwingine kabisa. Andika "upungufu wa komplementi", na ikiwezekana utaje ni protini ipi.

Kuna na upatanisho. Kingamwili ni ngeli ya I-ZI, umbo halibadiliki, kwa hiyo idadi hubebwa na viambishi. Kingamwili moja ya aina ya IgM iliyonata juu ya bakteria yatosha kuamsha C1, lakini za aina ya IgG sharti ziwe angalau mbili zilizokaribiana. "Kingamwili ya IgG iliyonata huamsha C1" haina kosa la sarufi, lakini msomaji ataelewa kwamba moja inatosha. Sema "kingamwili za IgG zilizonata karibu karibu".

Tena, usiseme protini hizi huamshwa kwa mpangilio wa namba. Kingamwili zikianzisha kazi, mfuatano ni C1, C4, C2, ndipo C3.