Jibu: Kwa nini Colt M1911 inapendwa na Glock 17 inatumika tu

Ndugu, umeuliza kwa nini Wamarekani wengi huienzi bastola ya Colt M1911 lakini bastola ya Glock 17 wanaiona kifaa cha kazi tu. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kumbukumbu. Colt hiyo, iliyobuniwa na John Browning, ilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 na ikabaki silaha yake rasmi hadi 1985: vita vikuu viwili, Korea, Vietnam. Kwa hiyo mjukuu akirithishwa moja, anashika kitu ambacho huenda babu yake alikibeba vitani.

Halafu kuna chuma chenyewe. Ni nzito, zaidi ya kilo moja, mara nyingi ina mpini wa mbao, na rangi yake huchakaa pale mkono na ala vinapoigusa. Kila moja inapata sura yake, na hilo nalithamini sana.

Glock, iliyopokelewa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina fremu ya plastiki ngumu na vipuri vinavyobadilishana kirahisi. Ikiharibika unaibadilisha bila uchungu. Kwa askari wa zamu, mimi ningechagua hiyo bila kusita.