Ukungu usoni haumfichi mtu

SWALI: Natoka Tanga, naishi Hamburg. Kwenye darasa la Kijerumani nimejuana na dada wa Kabul anayetengeneza filamu fupi ya dakika 12. Waliomo ni wadogo zake na wenzao, waliojirekodi kwa simu wakisoma kwa siri nyumbani. Mimi huhariri video za harusi, basi nimejitolea kumsaidia. Video za mwanzo zilikuja kwa WhatsApp zikiwa zimefifia, nikamwambia watume kama dokumenti. Sasa zinafika safi. Nyuso nimezitia ukungu, sauti nimezifanya nzito. Shida ni kwamba ukungu ukizidi filamu inachosha macho, ukipungua sura inaonekana. Niweke kiasi gani? Na kuna programu ya akili mnemba inayorudisha ubora wa zile video za mwanzo. Niitumie?

JIBU: Hakuna kiasi, ndugu yangu. Swali hili naletewa kila mara, na halijawahi kuwa swali la kiasi.

Aliyekufundisha kwamba uso ukitiwa ukungu basi mtu amefichika, alikufundisha kumficha mtu machoni pa wasiomjua. Hao mabinti hawajifichi kwa mtazamaji wa Hamburg. Wanajificha kwa jirani, kwa mpangaji wa chini, kwa binamu aliyekosana na baba yao. Mtu wa namna hiyo hana haja ya uso. Ataona zulia, ataona birika, ataona pete na jinsi binti anavyokunja mguu akikaa, na jina litamjia palepale. Wewe humtambui mama yako kwa mgongo, sokoni, katikati ya watu?

Hata huo uso wenyewe ukungu haujaufuta. Hata ule wa vigae, yaani uso kuvunjwa miraba mikubwa, unaacha mpangilio wa mwanga na giza, na katika video mpangilio huo unajirudia fremu baada ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kadiri kichwa kinavyogeuka. Anayemshuku binti fulani atachukua picha yake ya zamani, aivuruge kwa vigae vya ukubwa uleule, kisha alinganishe. Halafu piga hesabu: dakika 12 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 18,000. Binti akiinama kuokota kalamu, kiraka cha ukungu kikachelewa fremu moja, yatosha. Mtu anasimamisha video na kuipiga picha skrini. Kosa hilo nimelikuta katika kazi yangu mwenyewe, nikiwa nimeshaipitia mara nne. Ikibidi uso ubaki kwenye picha, ufunike kwa rangi nzima isiyopenya kitu, kubwa kuliko kichwa, kisha uikague filamu yote fremu kwa fremu. Inachosha, najua.

Sauti nzito ni hivyohivyo. Ulichokishusha mwenzako anakipandisha, tena kwa programu ya bure. Ondoa sauti ya asili kabisa, mtafute mwanamke aliye nje ya nchi ayaseme maneno yaleyale kwa Kidari chake, lugha ya Kabul. Na vicheko na vikohozi ondoa pia. Nasisitiza sauti kwa sababu sheria ya kuamrisha mema na kukataza mabaya, iliyotangazwa na Taliban Agosti 2024, inaihesabu sauti ya mwanamke kuwa uchi na inakataza picha za viumbe hai. Binti akisikika anasoma ameshavunja zaidi ya amri moja, maana shule za sekondari zimefungwa kwa wasichana tangu 2021 na vyuo vikuu tangu Desemba 2022.

Sasa lile la dokumenti, ambalo nakulaumu kidogo. Ni kweli ubora unabaki, lakini faili linafika kama lilivyotoka kwenye simu: tarehe, saa, aina ya simu na, kama kamera iliruhusiwa kusoma mahali, vipimo vya GPS vya nyumba ile. Ulipokuwa unahangaika na ukungu, anwani ilikuwa imekaa ndani ya faili. Waambie wazime ruhusa ya mahali kwenye kamera leo. Mafaili uliyonayo yaweke kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, usimpe mtu hata moja, na toleo la mwisho likaguliwe taarifa zake kabla halijatoka mkononi mwako.

Programu ya kurudisha ubora usiitumie. Hairudishi kitu. Kilichopotea kimepotea; inachora kingine kinachofanana nacho. Uso uliofifia itaukamilisha kwa kubuni, na sura iliyobuniwa yaweza kufanana na ya binti mwingine ambaye hata hakuwepo.

Lakini kinachonikosesha usingizi zaidi ni dirisha. Kabul imezungukwa na milima, na katikati umesimama mlima Asmai wenye minara ya matangazo juu yake. Ukiuona dirishani, hata kwa sekunde mbili, mwelekeo wa minara na mteremko vinampa anayeujua mji upande wa nyumba na makadirio ya umbali. Watu hutia ukungu nyuso sita na kuliacha dirisha limeng'aa.

Hassan Fazili, mtengenezaji filamu wa Afghanistan, alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu kamanda wa Taliban aliyeweka silaha chini. Ilipoonyeshwa kwenye televisheni, yule kamanda aliuawa, na Fazili mwenyewe akatangaziwa dau la kichwa chake. Akakimbia na mkewe na mabinti zao wawili, safari wakairekodi kwa simu tatu, ikawa "Midnight Traveler" ya 2019. Vijana wengi huikumbuka kwa zile simu tatu. Mimi namkumbuka yule kamanda, aliyelipa kwa kuonekana kwenye skrini.

Ndiyo maana nawakasirikia wanaouza masomo ya "ficha uso kwa bofyo moja", na nawakasirikia vilevile waandaaji wa maonyesho wanaomwambia mtengenezaji chipukizi kwamba uso uliofunikwa unapunguza hisia. Hisia za nani? Filamu fupi haikai ukumbini. Hukatwa vipande, hutolewa picha ya bango, hurushwa mitandaoni, na wiki hiyohiyo imerudi Kabul kwenye simu ya yule binamu. Hapo huwezi kuiita irudi. Na binti wa miaka 16 aliyesema "sawa" kwa simu, amekubali asichokijua mpaka mtu amweleze safari yote hiyo.

Ipo njia nyingine, na kwa sinema ya Afghanistan si ngeni. Mwongozaji wa Kiafghani Shahrbanoo Sadat alipotaka kupiga filamu ya kijiji cha Afghanistan na usalama ukakataa, alikijenga kijiji Tajikistan, akapiga "Wolf and Sheep", ikashinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2016, katika Wiki Mbili za Waongozaji (Directors' Fortnight). Chumba kinahamishika. Hamburg ina Waafghani wengi. Tafuteni sebule, tandikeni toshak, yale magodoro ya kukalia, mvalisheni msichana wa huko nguo zisizo za mtu yeyote wa Kabul, mpige picha mkono wake ukiandika hesabu kwenye daftari. Maneno yawe ya wale mabinti, picha isiwe yao. Kwenye majina ya mwisho msiweke hata herufi zao za kwanza, na huyo dada asijibu ukumbini kwamba mdogo wake anakaa mtaa fulani.

Kwa hiyo usifungue mradi wako leo. Mpigie, kaeni pamoja, pitieni kila tukio, na umuulize kwanza lile dirisha linatazama wapi.