Kabla hujamcheka mgonjwa aliyetoka kwenye maombi

Wadogo zangu mlioanza intani mwezi huu,

Jumatatu kwenye ripoti ya asubuhi mmoja wenu alieleza habari za mama wa kitanda namba 6, aliyekaa na mtoto nyumbani siku nne akimpaka mafuta ya upako. Mkacheka. Baada ya ripoti nikafungua faili la mtoto wa kitanda namba 7. Vipimo viwili vya malaria, mRDT (kile cha haraka) hasi, BS (damu chini ya darubini) hasi, na chini yake, kwa mwandiko wa yule yule aliyecheka kuliko wote: "Malaria kali, aanze artesuneti." Sasa kati ya hao wawili, nani ametibu kwa imani?

Miaka mingi nimezunguka redioni, mashuleni na kwenye kumbi za makanisa nikiwaomba watu wadai ushahidi kabla ya kumeza kitu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Swali ni moja: "Umejuaje?" Muulize muuza dawa, muulize bingwa kwenye raundi, kwa adabu. Na mimi niulizeni, sitakasirika.

2. Kupima dai si lazima mashine. Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi. Na yuko binti wa Marekani, Emily Rosa, ambaye akiwa na miaka 9 alianza kuwapima watu, jumla 21, waliodai kuhisi nishati ya mwili kwa viganja vyao. Alisimamisha kadibodi katikati, wao wakapitisha mikono chini yake, naye akaweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao: je, ni wa kulia au wa kushoto? Mara 280 walizojaribu, walipatia 123. Ukirusha shilingi unapata zaidi ya hapo. Matokeo yalichapishwa kwenye JAMA, jarida la madaktari la Marekani, mwaka 1998. Ninachompendea binti huyu ni kwamba hakumtukana mtu. Mimi nilitukana.

3. Ilikuwa 2011, mwaka wa kikombe, ile dawa ya mitishamba ya Babu wa Loliondo iliyosemwa inaponya kila kitu, hata UKIMWI. Mliokuwa watoto hamwezi kujua ile hali: foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, ilihesabiwa kwa kilometa, na kikombe kilikuwa shilingi 500. Nilikuwa kijana, nafanya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kwenye hospitali moja ya kaskazini. Akaingia mama mmoja muuza ndizi, niliyekuwa nikimhudumia tangu CD4 yake, kipimo cha kinga ya mwili, ikiwa chini kabisa. Akafungua pindo la khanga, akatoa kopo la ARV ambalo hata karatasi ya mdomoni haijachanwa, akaliweka mezani taratibu. "Daktari, mpe mwenye shida. Mimi nimepona."

Nikasimama. Mlango uko wazi, benchi zima linasikia. Nikamwambia anionyeshe mtu mmoja, mmoja tu, aliyepimwa baada ya kikombe akakutwa hana virusi. Nikasema mengine ambayo hayaandikiki. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga lile pindo, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwaka jana ulinitibu typhoid mara tatu. Ulijuaje?"

Nilikuwa na Widal, kile kipimo cha damu cha typhoid ambacho peke yake hakithibitishi. Tatu, kila moja imesomwa mara moja, bila kalcha hata moja, yaani kuotesha vijidudu maabara ili kuwa na hakika. Alikuwa ameniuliza swali langu mwenyewe na sikuwa na jibu. Ningekaa chini nikasema, "Mama, sikuwa na hakika," pengine angekaa naye. Nikamjibu, "Mimi ndiye daktari hapa." Akaaga, akaondoka. Kopo likabaki mezani.

Miezi kadhaa baadaye kaka yake alimleta amembeba mgongoni, hanitambui. Siku ya tatu akafariki. Kaka yake aliniambia kwamba dada alitaka kurudi zamani sana, ila aliogopa kugombezwa na daktari.

Wiki ile nilitoa mafaili yangu kabatini nikaanza kuyasoma kama ya mtu mwingine. Kloramfenikoli, siprofloksasini, dawa mseto, nimeandika kwa watu ambao sikuwa na sababu ya kuwaandikia. Nilipoanza kwenda redioni, kipindi cha kwanza nilizungumzia Widal. Kikombe nilikigusa baadaye.

4. mRDT ikiwa hasi, tafuta homa inatoka wapi. Masikio, mkojo, mapafu. Usilitupe jibu la kipimo kwa sababu tu halikufurahishi.

5. Mgonjwa akikwambia amekunywa dawa ya kienyeji, mshukuru kwa kukwambia. Kisha uliza ni ipi, kiasi gani, lini, uandike kwenye faili. Wengi wanaficha, na figo zinakufa huku sisi tunahangaika na kreatinini (kipimo cha figo) isiyoeleweka.

Mama wa kitanda namba 6 bado yupo, mtoto anapumua kwa oksijeni. Aliyemcheka aende leo kabla ya raundi ya jioni, amwamkie, avute kiti, amuulize siku zile nne zilikwendaje. Na njiani apitie kitanda namba 7 na lile faili.